Unguja kwa Masikio: Mwongozo wa Shabiki Anayesafiri Peke Yake

Kama unapenda taarab na unaishi Nairobi, Kampala, Kigali au Bujumbura, yaelekea umezoea kuisikiliza peke yako: kwenye simu, kwenye redio usiku, au mara moja moja kwenye harusi ya jamaa wa pwani. Wenzako wana mapenzi mengine. Ukiwaambia twendeni Unguja watakubali haraka, lakini watakubali kwa sababu ya bahari, na mwishowe utajikuta umejinyoosha kwenye mchanga wa Nungwi huku fidla za taarab zikilia mtaani Vuga bila wewe. Ushauri wangu ni kwamba usiwasubiri. Safari ya kwenda kusikiliza muziki haihitaji msafara. Inahitaji ratiba iliyo yako, usingizi wa mchana unapoutaka, na uhuru wa kukaa kiti kimoja usiku kucha bila mtu kukuuliza mnaondoka saa ngapi.

Tena Unguja ni mahali pazuri pa kuanzia kwa yule ambaye hajawahi kuvuka mpaka peke yake. Lugha unaijua. Mji Mkongwe unatembeleka kwa miguu. Na wenyeji wamezoea wageni kwa karne nyingi, kwa hiyo mtu anayekula peke yake hashangazi mtu.

Tarehe kwanza, tiketi baadaye

Wengi huenda kwa ajili ya Sauti za Busara, tamasha linalofanyika Mji Mkongwe mwezi wa Februari tangu 2004, isipokuwa 2016 ambapo halikufanyika kwa kukosa fedha. Waandaaji wana sharti moja ambalo kwangu mimi linatosha kulipia nauli: kila anayepanda jukwaani apige na kuimba papo hapo. Hakuna kusogeza midomo juu ya wimbo uliorekodiwa. Kwa shabiki aliyechoshwa na maonyesho ya kwetu, ambapo nyota hupanda na kipaza sauti kilichozimwa, hilo peke yake ni faraja.

Sasa angalia kalenda ya mwezi mwandamo. Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na katika miaka hii imeifikia Februari. Mwaka 2027 mwezi unatarajiwa kuandama karibu na tarehe 8 Februari, na 2028 mwishoni mwa Januari. Kwa hiyo usikate tiketi ya ndege kwa kudhani tamasha litakuwa wikendi ileile ya mwaka uliopita. Subiri tarehe itangazwe na waandaaji wenyewe. Na usifike kwenye mfungo ukitarajia muziki. Mchana migahawa mingi hufungwa, kula au kunywa hadharani ni utovu wa adabu, na klabu za taarab huwa kimya. Ramadhani ya Unguja ina uzuri wake mkubwa, hasa jioni watu wanapofuturu, lakini ni safari ya aina nyingine. Sikukuu ndiyo msimu wa sauti. Vikundi vya taarab vina desturi ya zamani ya kupiga siku za Idi, na mtu asiyejali tamasha kubwa anaweza kupanga safari yake yote kuizunguka Idi akarudi nyumbani ameshiba.

Katikati ya mwaka kuna ZIFF, tamasha la filamu lililoanza miaka ya 1990, ambalo nalo huwa na muziki usiku, na mwezi wa Julai kuna Mwaka Kogwa, sherehe ya jadi ya mwaka mpya, kule Makunduchi. Wakati huo upepo wa kusi unavuma na hewa ni ya kupumulika. Februari ni kaskazi: jua kali, jasho, shati la pili ndani ya mkoba. Aprili na Mei ni masika, na mimi sipendekezi. Mvua ya Unguja ikishika mji, vichochoro hugeuka mifereji.

Karatasi na njia

Mkenya, Mganda, Mnyarwanda na Mrundi hawahitaji viza kuingia Tanzania, lakini pasipoti inahitajika. Kitambulisho cha taifa kinachomvusha Mkenya kwenda Uganda au Rwanda hakitamvusha hapa. Beba pia cheti cha manjano cha chanjo ya homa ya manjano, maana mtu anayetoka nchi yenye ugonjwa huo huulizwa, na Kenya na Uganda zimo. Chanja angalau siku 10 kabla ya safari, kwa kuwa cheti hakihesabiki kabla ya hapo. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inawataka wageni kutoka nje kununua bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar. Soma masharti kwenye tovuti ya serikali kabla hujaondoka, uone kama uraia wako unahusika na kwa kiasi gani, ili usikutane na jambo hilo ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji na mizigo begani.

Nairobi hadi Unguja kwa ndege ya moja kwa moja ni kama saa moja na nusu. Anayetoka Mombasa na asiye na haraka hupita Lungalunga na Horohoro, akala Tanga, akalala Dar es Salaam, kisha akavuka kwa boti ya mwendo wa kasi kwa muda wa saa 2 hivi. Nasisitiza kulala Dar. Basi likichelewa mpakani utafika usiku, umechoka, na bandarini kuna vijana wanaojua sura ya mtu aliyechoka. Tiketi ya boti inunue ofisini kwa kampuni au mtandaoni, kamwe si kwa mtu anayekufuata njiani akikuambia ofisi imefungwa. Ukishuka Malindi, bandari ya Unguja, pasipoti itagongwa muhuri ingawa umetoka Dar, kwa hiyo usiizike chini ya nguo.

Kuhusu pesa, badilisha kabisa uwe na shilingi za Tanzania mfukoni. Tangu 2025 kanuni zinataka bidhaa na huduma ndani ya nchi zilipiwe kwa shilingi, na hata pale bei inapotajwa kwa dola, mwenye noti za Tanzania hupata bei ya kueleweka zaidi. Miaka hii shilingi 1 ya Kenya imekuwa ikizunguka shilingi 20 za Tanzania. Zoea hesabu hiyo mapema, maana mara ya kwanza kuambiwa chakula ni elfu kumi na tano moyo hushtuka bure. Laini ya simu husajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole kwenye duka la kampuni, si kwa muuza vocha wa barabarani.

Pa kulala

Lala ndani ya Mji Mkongwe au pembeni yake kabisa. Usiku wa muziki huisha baada ya saa 6, na tofauti kati ya kutembea dakika 7 na kutafuta teksi saa 8 usiku ni tofauti kati ya safari nzuri na safari ya wasiwasi. Shangani ni karibu na Ngome Kongwe, ukumbi wa tamasha, lakini ni ghali. Vuga ni karibu na wanamuziki. Kiponda, Mkunazini na Malindi zina nyumba za wageni za bei ya kawaida ndani ya majumba ya zamani, zenye ngazi za mbao zilizosimama wima kama za kupandia minazi, basi mwenye begi kubwa aombe chumba cha chini.

Kabla ya kulipa, uliza maswali mawili ambayo hayapaswi kumpita msafiri wa peke yake. La kwanza: bei ya mtu mmoja ni ipi? Vyumba vingi hutangazwa kwa watu wawili, na bei hushuka ukiuliza kwa upole. La pili: mlango wa nje unafungwa saa ngapi, na nani atanifungulia nikirudi usiku wa manane? Mwambie mlinzi jina lako mchana, mkiwa mnaonana sura. Adhana ya alfajiri itakuamsha popote ulalapo, kwa hiyo panga usingizi wa pili baada ya chai, au wa adhuhuri jua linapokuwa kali.

Ndani ya Ngome

Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya kuwang'oa Wareno mwishoni mwa karne ya 17, na leo kuta zake ndizo kuta za ukumbi. Wakati wa tamasha huwa kuna jukwaa kubwa uwanjani na jingine kwenye ukumbi wa ngazi za mawe. Ukiwa peke yako, huna haja ya kuvutana na mtu juu ya jukwaa lipi. Chukua ratiba, weka alama kwenye vikundi vitatu ambavyo hutaki kuvikosa, na vingine viache vikukute.

Bei za tiketi hufuata uraia, hivyo njoo na kitambulisho halisi, si picha yake. Ukishavishwa utepe wa mkononi usiuvue hadi mwisho. Ingia mapema. Maonyesho huanza jioni, watu wengi huja usiku, na saa zile za mwanzo, joto likianza kushuka na uwanja ukiwa nusu, ndizo saa za kusikiliza vyombo laini: udi, nai, zeze, sauti isiyoshindana na kelele za mazungumzo. Simama karibu na meza ya mafundi mitambo. Sauti inayotoka jukwaani hupimwa kutoka pale, kwa hiyo ndipo inapokaa sawa, na mafundi hawapendi fujo karibu yao, jambo linalomfaa pia mtu aliyekuja peke yake.

Mkoba mdogo wa kuvaa kifuani, maji, kanga au shuka nyepesi ya kukalia kwenye mawe, na chaji ya akiba ya simu vinatosha. Soketi za Tanzania ni zilezile za pini tatu za Kenya na Uganda. Piga picha moja au mbili, kisha iweke simu mfukoni. Umelipa pasipoti, chanjo na boti ili uwe mbele ya watu hawa. Waangalie kwa macho yako.

Na ufunguzi usiukose. Kwa kawaida huwa kuna maandamano ya ngoma na bendi za beni mitaani kuelekea ufukweni, bure kwa kila mtu, watoto wakikimbia mbele ya tarumbeta. Ndiyo nafasi ya kuona mji unavyojifurahisha wenyewe kabla ya kuanza kukata tiketi.

Nje ya Ngome ndiko kwenyewe

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike mwongozo huu. Tamasha ni mlango tu. Shabiki akiishia Ngomeni siku zake zote na kupanda boti asubuhi ya Jumatatu, atakuwa amesikia muziki mzuri wa Afrika, lakini taarab ya Unguja atakuwa ameipungia mkono kwa mbali. Bakiza siku mbili au tatu baada ya tamasha kwa ajili ya klabu.

Simulizi ya kawaida ni kwamba Sultani Barghash, aliyetawala kutoka 1870 hadi 1888, aliupenda muziki wa Misri hata akamtuma Mohamed Ibrahim kwenda Cairo kujifunza kupiga kanuni, ala ya nyuzi. Muziki huo ukaanza kupigwa kasrini kwa Kiarabu. Mwaka 1905 ikaundwa Nadi Ikhwan Safaa, na hadi leo ipo. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba aliyehamia mjini, ndiye aliyeifungua milango: akaimba kwa Kiswahili, akaimba habari za watu wa kawaida, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri zilizomfikisha kila bandari ya pwani hii. Culture Musical Club ilianzishwa 1958 na makao yake yako Vuga. Kuna pia Tausi, kikundi cha wanawake kilichoanzishwa 2009 na Bi Mariam Hamdani, ambamo wanawake hawaimbi tu, bali wanapiga vyombo wenyewe. Wakiwa kwenye ratiba yoyote siku zako, badilisha mipango uwaone.

Klabu hizi ni vyama vya watu wenye kazi zao za mchana, na mazoezi hufanyika jioni. Siku hubadilika. Kwa hiyo usitafute ratiba kwenye mtandao. Nenda mchana, piga hodi, toa salamu kamili na usiwe na pupa. Mzungumzie aliyepo kwa heshima ya umri wake: shikamoo kwa mtu mzima, Bi au Mzee kabla ya jina, Maalim kwa mpigaji mkubwa ukisikia wenzake wanamwita hivyo. Jieleze: unatoka wapi, unapenda nyimbo za nani, na ungependa kukaa kimya usikilize mazoezi. Mtu wa Nairobi azingatie ulimi wake hapa. Ile amri yetu ya mgahawani, leta hiki, nataka kile, katika mji huu husikika kama ugomvi. Sema naomba, na utaona kiti kinavyotafutwa.

Ukikaribishwa, kaa karibu na kanuni. Kila sauti yake ni nyuzi tatu zilizowekwa pamoja, na mpigaji huzichokoa kwa vipande vidogo vilivyobanwa na pete kwenye vidole vya shahada. Tazama mkono wake wa kushoto kati ya ubeti na ubeti: kuna vitasa vidogo vya chuma pembeni, anavinyanyua na kuvilaza kwa haraka bila kutazama, na kwa kufanya hivyo anabadili sauti ya nyuzi ili wimbo uhamie kwenye makamu nyingine, yaani ngazi nyingine ya sauti. Kwenye rekodi husikii chochote cha hayo. Fidla zinaingia, akodioni inajaza nafasi, dumbaki na tari vinashika mwendo, na mwalimu anaweza kuusimamisha wimbo mzima kwa sababu ya neno moja lililomezwa. Wanarudia. Wanarudia tena. Kwa shabiki wa kweli hakuna onyesho linalozidi hili.

Onyesho lenyewe, likiwa la mtindo wa zamani, hufunguliwa kwa bashrafu, yaani muziki mtupu bila mwimbaji. Usiongee wakati wa bashrafu ukidhani bado wanajiandaa. Kisha mwimbaji huja, mara nyingi amesimama, hachezi sana, mikono imetulia, uso hauonyeshi kitu, na mashairi yanaachiwa yafanye kazi yake. Beti nyingi ni za mishororo mitatu, na fumbo huwekwa mahali ambapo asiyehusika atapita bila kuliona.

Hapo ndipo suala la kutunza linapoingia, na mgeni anayekaa peke yake lazima alijue. Utaona mama mmoja anainuka katikati ya ubeti. Hana haraka. Noti ameishika kwa ncha za vidole vya mkono wa kulia, kwenye usawa wa bega, na anatembea kwa mwendo wa ngoma, hatua ndogo ndogo, hadi mbele ya mwimbaji. Anaikabidhi mkononi, au anaizungusha kwanza hewani ili ukumbi uione, kisha anarudi kwenye kiti kwa mwendo uleule. Mara nyingine anatunza kwa kuufurahia wimbo tu. Mara nyingine ametunza kwa sababu ubeti ule unamsemea, na yupo mtu humo ukumbini ambaye amekwisha kuelewa. Wewe hujui nani anagombana na nani. Kwa hiyo usikurupuke kuinuka kwenye ubeti mkali wa kijembe eti kwa kuwa umekuchangamsha. Ngoja kiitikio, au sifa ya mapenzi isiyo na ncha, ndipo uende na noti yako. Kiasi hakijalishi sana. Namna ndiyo inayotazamwa. Usirushe pesa, na usimbandike mwimbaji noti usoni.

Kidumbaki ni ndugu wa taarab aliyelelewa mitaani, na kama una bahati utaisikia kwenye harusi. Fidla moja inayowaka moto, vidumbaki viwili, besi ya sanduku yenye fimbo na uzi mmoja, cherewa za vifuu vya nazi na vijiti vya mkwasa. Kasi yake ni nyingine kabisa. Mwanamke anayesafiri peke yake ana nafasi hapa ambayo mwanamume hana, kwani sherehe nyingi za harusi ni za wanawake watupu, na mwenye nyumba ya wageni au jirani yake akiona una adabu, anaweza kukuchukua. Vaa vizuri, jitande kanga, beba zawadi ndogo ya pesa kwenye bahasha. Na simu usiitoe kabisa. Wanawake humo wamevua mabuibui wakijua hawaonwi na wanaume. Picha moja itawadhuru wao, si wewe.

Pia kuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kinachojulikana kwa kifupi DCMA, kilichofunguliwa 2002. Hicho kimewalea vijana wengi wanaopiga sasa, wakiwemo wa Siti and the Band. Huwa na maonyesho ya wazi kwa wageni na masomo mafupi ya udi, kanuni na ngoma. Uliza mapema kilipo na siku gani wanapiga, kisha weka somo la saa moja kwenye siku yako tulivu. Baada ya kuushika udi mwenyewe na kuona vidole vinavyokataa, utamsikiliza mpigaji wa jioni kwa sikio jingine.

Mchana, muziki ukilala

Kutalii kwako kuanzie mahali ambapo muziki umekwisha kukupeleka. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Barghash 1883, liko hatua chache kutoka Ngomeni. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wakapoteza maisha. Tangu hapo limezungushiwa uzio wa ukarabati. Simama nje ulitazame hata hivyo. Jirani yake ni Kasri, na mbele zaidi njia ya baharini inakufikisha kwenye zahanati ya zamani ya Tharia Topan yenye roshani za mbao zilizochongwa, ambayo kwa macho yangu ndiyo nyumba nzuri kuliko zote za mji huu.

Nenda Mkunazini, kwenye kanisa la Kianglikana lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Tenga asubuhi nzima kwa ajili ya hapo, wala usiibane kati ya chai na boti ya kisiwa cha Changuu. Waliopitia soko lile walitoka Manyema, Nyasa na sehemu nyingine za bara yetu, na msikilizaji wa ngoma za kisiwa hiki anahitaji kujua zilikuja na nani. Siti mwenyewe wazazi wake walitoka bara.

Anayependa roki atapitia Shangani kwenye makumbusho ya Freddie Mercury, aliyezaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Ni makumbusho madogo, nusu saa yatosha. Msitu wa Jozani na kima punju wake, kobe wa Changuu, mashamba ya viungo: yote ni mazuri, na yote yanakwenda vizuri zaidi ukijiunga na kundi, maana gari au boti ya mtu mmoja ni ghali. Mwambie mwenye nyumba ya wageni jioni akuchanganye na wengine asubuhi.

Chakula cha mtu mmoja si tabu. Mchana kula urojo kwenye kibanda, ukiwa umesimama. Jioni kabla ya muziki pitia bustani ya Forodhani, lakini tembea meza zote kwanza, uliza bei ya kila kitu kabla hakijatiwa kwenye sahani, na uchague meza ambapo wenyeji wanakula. Asubuhi na alasiri nenda baraza ya kahawa ya Jaws Corner, kikombe kidogo kichungu na kipande cha kashata. Hapo mgeni aliye peke yake huulizwa habari zake zote bila aibu, na hapo ndipo utakapoambiwa nani anapiga wapi usiku huo. Mimi nimepata habari za muziki barazani kuliko kwenye bango lolote.

Kuwa salama ukiwa mmoja

Mabega na magoti yafunikwe mjini, wanawake kwa wanaume. Vijana wanaowaandama wageni huitwa mapapasi. Mjibu kwa Kiswahili, kwa salamu na tabasamu, asante ndugu yangu nishapanga, kisha endelea kutembea. Kiswahili chako ni kinga kubwa, kitumie mapema. Usiku shika njia zenye watu na taa, hata kama kichochoro kinakatiza. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe mtu hupotea mchana kwa raha na usiku kwa hofu. Siku ya kwanza, jua likiwa juu, tembea mara mbili njia ya kutoka Ngomeni hadi mlango wa nyumba unayolala, uweke alama zako: msikiti, duka, mlango wa misumari ya shaba.

Mwanamke ataulizwa umekuja na nani, tena mara nyingi, na kwa kawaida ni udadisi tu. Huna deni la ukweli kwa mtu usiyemjua. Sema wenzangu wako mbele. Mtafute mama mmoja wa kumwamini, awe mwenye nyumba, mpishi au mwanachama wa klabu, na mwachie namba yako. Mtu mmoja nyumbani naye ajue umelala wapi na unarudi lini. Namba ya dharura Tanzania ni 112. Picha ya pasipoti iweke kwenye simu na nakala ya karatasi chini ya begi. Tumia chandarua.

Kuondoka

Usipange boti ya saa 1 asubuhi baada ya usiku wa mwisho wa tamasha. Wengi hufanya hivyo, wanakimbia Malindi hawajalala na nusu ya wimbo wa mwisho hawakuusikia. Panga kuondoka Jumatano au Alhamisi, mji ukiwa umerudi kwa wenyewe na bei za vyumba zimeshuka.

Ukitaka kununua muziki, nunua kwa wanamuziki wenyewe. Waulize klabuni kama wana diski au wanaweza kukujazia nyimbo kwenye flashi, na lipa bila kupunguziana bei. Fedha ya kikundi ndiyo inayonunua nyuzi za kanuni, ambazo huagizwa kutoka nje na si za bei rahisi. Na katibu wa klabu mwachie namba yako ya WhatsApp. Vikundi hivi husafiri, na siku watakapovuka kuja kupiga Mombasa au Nairobi, utataka kupata habari kabla viti havijajaa.